Kona Aliyoiacha Jodok Metzler

Ausserlitten, 4 Machi 1961

Zenzi,

Baba tumemzika, karibu wiki tatu sasa. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye theluji. Waliniuliza dada yako yuko wapi. Nikawajibu yuko Dornbirn anazungusha nyuzi, kiwanda chao hakiruhusu wafanyakazi kuwa na baba.

Humu ndani kuna nakala ya wosia wake. Nimeipiga chapa mwenyewe kwenye mashine ya ofisi ya ushirika, maana mwandiko wa mzee siku za mwisho ulikuwa wa kutisha. Ni mfupi, kama alivyokuwa akizungumza. Nyumba, ng'ombe, msitu na malisho ni vyangu. Wewe una sentensi yako moja: "Kreszenz abaki na Ecke." Yaani kona.

Usianze kununa. Unaijua desturi ya huku: binti asiyeolewa hapewi ardhi, hupewa mahali pa kukaa. Baba alimaanisha ile kona ya sebuleni, benchi la nyuma ya meza, chini ya msalaba. Ukija, hakuna atakayekuondoa hapo. Mke wangu Hedwig atakuwekea sahani.

Ile karatasi ya pili ndiyo ya kutia sahihi: kwamba umeipokea kona yako na hudai kingine. Irudishe kabla ya Pasaka. Baada ya Pasaka wanakuja wale jamaa wanaotaka kujenga lifti ya kuwapandisha wageni wa kuteleza thelujini. Wanataka kupima malisho ya juu, na wakili wao hataki kuona jina la mtu mwingine.

Gebhard

*

Dornbirn, 10 Machi 1961

Kaka Gebhard,

Baba alikufa Ijumaa. Mkamzika Jumatatu. Telegramu yako niliipokea Jumanne, nimesimama katikati ya mashine, pamba imenijaa kichwani, na msimamizi akanipa dakika kumi nikalie chooni. Kawaeleze hilo hao wa kanisani.

Kuhusu kona. Umenifanya mtoto, au umejifanya mtoto wewe? Baba hakuwahi kutamka neno "Ecke" maishani mwake. Hilo ni neno la walimu na la redio. Alikuwa akisema Egg, kama kila mtu wa Ausserlitten, na Egg yetu ni moja tu: ule mgongo wa mlima ulio juu ya nyumba, wenye shamba la nyasi na kibanda. Umeandika "malisho ya juu" kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi. Tangu lini unaiita hivyo?

Tangu nina miaka tisa mpaka kumi na minne nilikaa kule juu kila kiangazi. Baba alikuwa akipanda Jumapili na mkate, tunakaa mlangoni bila kusema kitu. Siku niliyoondoka nyumbani aliniambia, "Egg haiendi popote." Ndiyo hiyo aliyoniachia. Sikutegemea, lakini ameniachia.

Daktari wa kiwanda amenisikiliza kifua akaniambia nitafute hewa. Nimeipata. Karatasi yako nimeichana.

Kreszenz

*

Ausserlitten, 20 Machi 1961

Zenzi,

Nimekwenda shuleni nikamwomba mwalimu kamusi. Ecke: kona, pembe. Ya chumba, ya meza, ya barabara. Mlima hamna. Mwalimu mwenyewe alisoma kwa sauti, na Hedwig alikuwepo. Sasa kama unaijua lugha kuliko kamusi, andika yako.

Umeondoka hapa miaka ishirini na miwili. Mimi nilikwenda vitani nikarudi. Wewe ulikwenda kiwandani hukurudi. Krismasi mara nne, na kila mara umevaa viatu ambavyo haviwezi kuvuka hata uwanja wa zizi. Leo unakohoa kidogo, unataka mlima! Unajua nyasi za kule hutoka kwa nguvu gani? Hukatwa Agosti kwa fyekeo, mtu amejifunga kamba asije akaviringika mpaka kwa jirani. Utafyeka wewe? Kwa viatu vile?

Kona ipo. Ina joto, iko karibu na jiko. Kwa mtu wa kifua ndiyo dawa. Baba alijua anachokupa.

Natuma karatasi nyingine. Hii usiichane.

Gebhard

*

Dornbirn, 2 Aprili 1961

Mheshimiwa Daktari Irmgard Thöny,
Ofisi ya Kamusi ya Lahaja, Innsbruck

Pengine hunikumbuki. Miaka miwili iliyopita ulikuja kiwandani kwetu saa ya chakula na sanduku la kadi, ukatuuliza sisi wanawake tuliotoka mabondeni tunaviitaje vitu: ndoo, kupe, ukungu, mtoto mkaidi. Mimi ndiye niliyekupa maneno saba ya mtoto mkaidi, ukacheka mpaka ukamwaga kahawa.

Sasa mimi ndiye mwenye swali. Baba yangu amekufa na ameniachia "Ecke", ndivyo ilivyo kwenye nakala aliyonitumia kaka yangu. Kaka anasema ni kona ya sebule. Mimi nasema ni mgongo wa mlima, ule tunaouita Egg. Kamusi ya shule iko upande wake. Je, kuna kamusi yoyote iliyo upande wangu?

Usiniandikie ya kunifurahisha. Nikikosea, niambie nimekosea, nikatie sahihi nimalize.

Kreszenz Metzler

*

Innsbruck, 14 Aprili 1961

Bi. Metzler mpendwa,

Nakukumbuka, na gauni langu lile linakukumbuka pia. Kamusi haina upande, ila maneno yana safari zake, na hili lako limesafiri sana.

Zamani za kale neno hili halikuwa na uhusiano wowote na vyumba. Lilikuwa makali ya upanga. Askari aliyesema "egga" alimaanisha pale panapokata. Ndugu zake wa mbali wamo hata katika Kilatini, wote wa ukoo wa ncha na ukali. Hata suke la ngano lenye miiba ni la ukoo huohuo. Kisha watu waliinua macho wakauona mlima umesimama dhidi ya mbingu, mwembamba kama upanga uliolazwa makali juu, wakauita hivyo hivyo. Ndiyo maana huku kwetu na kwa majirani wa Uswisi kuna Egg zisizohesabika, na zote ziko juu.

Kona ilikuja baadaye, na tazama ni kona ipi: ile ya nje, inayokuchoma kiuno ukipita ovyo karibu na meza. Ile ya ndani, anayosimamishwa mtoto aliyekosa, ina neno lake jingine, Winkel, ambalo asili yake ni kupinda, kukunja. Siku hizi mijini watu huyachanganya. Bondeni kwenu nina kadi kumi na moja za wazee waliohojiwa, na wote kumi na moja benchi la chini ya msalaba wanaliita Winkel. Hakuna hata mmoja aliyeliita Egg.

Lakini kaa utulie, maana sijamaliza. Neno lililo mbele yangu si Egg. Ni "Ecke", na limeandikwa kwa mashine. Nani aliipiga chapa? Mzee wa Ausserlitten aliyezaliwa karne iliyopita haandiki hivyo kirahisi. Wosia wa asili lazima uko mahakama ya wilaya. Nenda ukauone kwa macho yako, herufi kwa herufi. Bila hivyo mimi sina la kusema.

Irmgard Thöny

*

Dornbirn, 29 Aprili 1961

Gebhard,

Sikuiti kaka leo.

Nimeomba siku moja bila mshahara, nikapanda basi mpaka mahakamani. Karani akaniletea faili. Karatasi moja, ya mistari, iliyochanwa kwenye daftari. Mwandiko unatetemeka, mistari inapanda na kushuka, lakini unasomeka. E, g, g. Nimeuliza mara mbili, karani akavaa miwani akasema, "Mama, hiyo ni Egg, hata kipofu anaona."

Kwa hiyo ulikaa kwenye ofisi ya ushirika, ukaweka kidole kwenye mashine, ukafika kwenye neno hilo, ukaligeuza. Kisha ukanitumia mimi. Kisha ukaenda kwa mwalimu kutafuta maana ya neno ulilolitia mwenyewe. Na mkeo umemweka shahidi!

Nilijua wewe ni mgumu. Sikujua wewe ni mwongo. Nimefungua kesi, na nakala ya barua ya daktari wa kamusi wa Innsbruck nimeitia humu uisome. Tarehe utaletewa.

Kreszenz

*

Ausserlitten, 7 Mei 1961

Zenzi,

Baba alikosea tahajia maisha yake yote, na mimi nilimsahihisha maisha yake yote. Ndivyo nilivyofanya na hapo. Kama huo ni uongo, basi wamtie ndani na mwalimu.

Na kwa kuwa umeanza kuita watu waongo, nikupe ukweli wa bure. Telegramu niliituma Jumatatu asubuhi, watu wakiwa tayari wamevaa nguo nyeusi. Ningeweza kuituma Ijumaa. Posta ilikuwa wazi. Nilipita mbele yake mara mbili. Sikutaka ufike na kanzu yako ya mjini, ulie kwa sauti, watu wakuzunguke waseme maskini Zenzi. Miaka tisa nimemwosha yule mzee. Nimemgeuza kitandani, nimemlisha kwa kijiko, nimetukanwa na yeye kwa kuwa uji una joto, na kwa kuwa uji umepoa. Hakuna aliyewahi kusema maskini Gebhard.

Wewe ulituma soksi.

Basi mlete huyo daktari wako wa maneno mahakamani. Mimi namwandikia leo hii.

Gebhard

*

Ausserlitten, 7 Mei 1961

Daktari Thöny,

Nasikia wewe ndiye unayeugawa mlima wangu kutoka Innsbruck kwa kutumia kadi. Umewahi kukamua? Umewahi kubeba nyasi mgongoni kutoka kule juu huku miguu inatetemeka? Ng'ombe wangu kumi na mmoja wanakula nyasi za kule miezi miwili ya baridi. Wao hawajui kusoma panga za kale.

Kaa na vitabu vyako. Ukija kutoa ushahidi, nitakuuliza mbele ya watu kama ulimjua baba yangu. Utasema nini?

Gebhard Metzler, mkulima

*

Innsbruck, 15 Mei 1961

Bwana Metzler,

Nitasema sikumjua. Wala neno haliwezi kunieleza alichokuwa akikiwaza mtu mmoja siku moja. Nitamwambia hakimu watu wa bonde lenu wanasemaje, na nitaishia hapo. Nilizaliwa Paznaun, nimekamua mpaka nikiwa na miaka ishirini, na mgongo wangu unazikumbuka nyasi.

Nina swali moja tu kwako, na huna lazima ya kunijibu. Asubuhi unapotoka na fyekeo, Hedwig akakuuliza unakwenda wapi, unamwambia nini?

Irmgard Thöny

*

Dornbirn, 23 Juni 1961

Mpendwa Daktari,

Uliondoka na treni ya saa sita, kwa hiyo hukuona mwisho wake. Nakusimulia.

Wewe ulipomaliza ushahidi wako, wakili wa Gebhard alisimama. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyeshika karata nzuri. Akamwambia hakimu kwamba mteja wake ana jambo zito la kusema juu ya namna wosia ulivyoandikwa. Gebhard akasimama. Alikuwa na kofia yake mikononi, akawa anaizungusha, anaizungusha. Mwishowe hakimu mwenyewe akamwuliza, "Bwana Metzler, ninyi nyumbani, kwa neno hili mlikuwa mkiita kitu gani?"

Gebhard akasema, "Mgongo wa juu. Kila mtu anauita hivyo. Hata mimi."

Wakili akamvuta koti. "Na lile jingine?" akamwuliza, sote tukasikia. Gebhard akajibu, "Hakuna jingine. Kaa chini."

Ndivyo ilivyokwisha. Egg ni yangu, na kibanda, na njia ya kufikia. Nilipotoka alinipita mlangoni bila kunitazama, kama mtu anayempita mbwa wa jirani. Sielewi nilichokiona, Daktari. Alikuja kupigana, nina hakika. Sasa nashindwa hata kufurahi vizuri.

Mwisho wa mwezi naacha kazi kiwandani.

Kreszenz

*

Ausserlitten, 16 Julai 1961

Zenzi,

Naona moshi wako kule juu. Kwa hiyo umefika. Hedwig alitaka kukuletea siagi, nimemkataza.

Nakuandikia mara moja hili jambo, kisha sitalitaja tena hata nikibanwa.

Wosia ule hakuuandika baba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu Novemba, tangu kiharusi cha pili. Hakutaka mtu ajue. Mtu aliyekuwa karani wa ushirika miaka thelathini, ambaye watu walimletea barua zao za mapenzi awaandikie, hawezi hata kushika kalamu! Aliniambia nimkalishe, niweke kalamu kati ya vidole vyake, nishike mkono wake kwa mkono wangu. Akawa anatamka, mimi nasukuma. Nyumba kwa Gebhard. Ng'ombe kwa Gebhard. Nilifurahi mpaka hapo.

Kisha akasema Kreszenz abaki na Egg. Nikasimamisha kalamu. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema bado. Akauliza tena. Nikaandika. Mara ya tatu akauliza, nikasema ndiyo baba, imeandikwa, akalala. Ningeweza kuandika lolote, macho yake yalikuwa hayaoni tena karatasi. Niliandika alichosema. Siku ile nilikuwa mtu safi, na hakuna aliyeniona. Uchafu ulikuja baadaye, kwenye mashine.

Wakili alinieleza wazi: wosia wa mkono lazima uwe wa mkono wa mwenyewe. Niseme sentensi moja tu, karatasi nzima inaanguka, shamba linabaki kwa mwana anayelilima, na huo mlima unabaki ndani yake. Niliingia mahakamani nikiwa na sentensi hiyo mdomoni. Nilifanya mazoezi zizini.

Lakini kuisema ilikuwa lazima nisimame mbele ya bonde zima niwaambie Jodok Metzler hakuweza kuandika jina lake. Nikashindwa. Usijidanganye kwamba ilikuwa kwa ajili yako. Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe.

Jamaa wa lifti wamekwenda bonde la pili.

Gebhard

*

Egg, 6 Agosti 1961

Gebhard,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikakaa nayo wiki tatu, na bado sijui kama umeniomba radhi au umenitishia. Maana umenipa kitu cha kutisha. Sasa nakaa kwenye mlima ambao wewe unaweza kuninyang'anya kwa sentensi moja, siku yoyote utakayoamka vibaya, na unajua kwamba najua. Umeishikilia kamba kwa ncha moja na nyingine umenitupia. Hivyo ndivyo ulivyo, hata wema wako una makali.

Nimeitia barua jikoni. Imeungua yote, nimesubiri nikahakikisha. Sasa imebaki kati ya mdomo wako na masikio yangu.

Hukuniambia kuhusu mkono wake. Barua zote zile za mwisho wa mwaka jana, "baba hajambo, baba anasalimu", na mimi nikawa nakasirika kwamba haandiki mwenyewe. Nikaacha kumwandikia. Miezi miwili sikumwandikia, Gebhard, kwa hasira, nikingoja mwandiko wake. Ulijua ninachongoja. Hapo ndipo ulipopaswa kusema, wala si mbele ya hakimu. Hilo nami sikusamehe, kwa hiyo tuko sawa.

Ya kazi sasa. Nyasi zimefika kiunoni na zimekauka vichwa. Hewa imenifaa, nakohoa asubuhi tu, lakini nimejaribu fyekeo na nimefika mistari sita nikalala chini kama mlevi. Ng'ombe kumi na mmoja hawawezi kula ugomvi wetu wakati wa baridi. Nyasi ni zangu, nitawapa. Sitaki malipo. Nataka uniombe.

Si kwa barua. Nimechoka na maandishi yako, yana mazoea mabaya ya kubadilika njiani. Hali ya hewa inashika mpaka Alhamisi. Panda kesho, simama mlangoni, useme kwa mdomo wako unakotaka kufyeka, na upaite jina lake.

Hii sitaitia posta, nampa Hedwig, ambaye amekaa hapa mbele yangu na siagi uliyomkataza.

Kreszenz